Likizo ya Familia: Waya, Kafi na Hofu ya Maji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Mombasa, mwezi wa Shaaban. Tumeyaandika kama yalivyosemwa na kupunguza marudio tu.)



Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoke. Nawaona. Sogeeni mbele, mambo yenyewe leo si mazito.

Nimeombwa nizungumze kuhusu likizo ya familia, kwa sababu Ramadhan yaja na baada yake Idd, na Idd kwetu sisi ni pwani. Nilipomwambia mwenyekiti kwamba nitaeleza habari ya kuning'inia kwenye waya na kupiga kafi katika nchi ya barafu, alicheka, akaniuliza, "Sasa hayo na Idd yetu yanahusiana vipi?" Nikamwambia, bwana, nisubiri mpaka mwisho.

Nianze hapa hapa nyumbani. Tarehe 29 Aprili mwaka 1994, asubuhi, feri ilipinduka pale Mtongwe. Watu 272 walifariki. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka siku ile, na wengine wenu mlizika. Mmoja wa wale watu alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mamangu. Alikuwa akivuka kwenda kazini kama siku zote. Mimi nilikuwa na miaka 14.

Tangu siku ile mamangu alifunga mlango wa bahari. Sisi tumezaliwa kisiwani, huku maji na kule maji, lakini mimi sikujifunza kuogelea. Wenzangu wakienda kuoga na kupiga mbizi, mimi nilikuwa nabaki juu nawalindia nguo. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, mlinzi wa nguo. Simlaumu mamangu. Mtu aliyempoteza nduguye majini humwambii kitu kuhusu maji.

Nikakua, nikasomea uuguzi, nikapata kazi Marekani katika mji wa Seattle. Nikaoa, tukajaaliwa watoto wawili, kijana na binti. Ile hofu nayo nikaipakia kwenye sanduku nikaenda nayo. Seattle ni mji wa maji kama Mombasa. Fomu ya shule ya kuomba ruhusa ya kuogelea ikija nyumbani, mimi sitii sahihi. Kijana akiuliza kwa nini, namjibu, "Kwa sababu nimesema." Nyinyi wazazi mnalijua jibu hilo, nyote mnalo.

Kijana alipofika miaka 14 tukawa hatuongei. Hatukugombana, la. Ni salamu tu na neno moja. Shule vipi? Sawa. Chakula? Sawa. Umeswali? Sawa. Nyumba ikawa kama hoteli, kila mtu na chumba chake.

Mwaka 2018 Idd iliangukia katikati ya Juni. Kule kaskazini Juni ndiyo miezi ya mchana mrefu, tulifunga karibu saa 18 kwa siku, na mimi nilikuwa kwenye zamu za usiku. Idd ilipofika, mamake watoto akaniambia, "Baba watoto, hawa wamekuona kwenye futari tu, tena ukisinzia. Tuondoke hapa sisi wanne, twende mahali." Nikamwambia achague yeye. Nilidhani atachagua kwa jamaa. Akachagua Alaska.

NCHI YENYEWE

Alaska ni jimbo la Marekani lililo juu kabisa, kaskazini magharibi. Waliinunua kutoka kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Ukubwa wake ni karibu mara tatu ya Kenya. Lakini watu wake, kwa hesabu ya mwaka 2020, ni kama laki saba na elfu thelathini. Kaunti ya Mombasa peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.2 mwaka 2019. Basi tazameni upana huo wa nchi.

Tuliruka hadi Anchorage, kama saa tatu na nusu kutoka Seattle, tukakodi gari, tukateremka kama kilomita 200 mpaka mji mdogo wa bandari uitwao Seward, wenye watu wasiofika elfu tatu. Uko kwenye kichwa cha ghuba ya Resurrection. Milima imesimama pande zote mbili, theluji juu, misonobari chini, na bahari imeingia katikati kama mkono. Jua lilikuwa likituka karibu saa tano na nusu usiku. Adhuhuri ilikuwa ikiingia saa nane mchana. Siku ya kwanza binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alikataa kulala. Akasema, "Mama, usiku haujaja."

WAYA

Siku ya pili tukaenda kwenye ziplaini. Kwa asiyejua, ziplaini ni waya wa chuma uliofungwa kutoka juu kwenda chini, mti hadi mti. Wewe unavalishwa mikanda kiunoni na mapajani, unafungwa kwenye kapi, lile lile gurudumu la kupitishia kamba mnalolijua kwenye majahazi, kisha uzito wako wenyewe ndio unaokuteremsha. Hakuna injini. Mchezo huu ulitokana na wanasayansi wa misitu. Miaka ya 1970 kule Costa Rica walitumia kamba kupanda juu ya miti mirefu ili wachunguze viumbe wanaoishi huko na hawashuki chini.

Bei nisiwafiche, ilikuwa zaidi ya dola 100 kwa kichwa. Moyoni nilisema, pesa hizi zingepiga lipu nyumba ya mamangu.

Waliotuongoza walikuwa vijana wawili, mmoja wa kike. Kwanza walitupima uzito, kwa sababu kuna kima cha juu na kima cha chini. Mtu mzito sana anafika na kasi kubwa, na mtu mwepesi sana anaweza asifike. Kisha yule msichana akamwambia mke wangu kwa heshima kwamba mtandio ni sawa kabisa, ila ncha zote ziingie ndani ya koti, maana nguo inayopepea ikiingia kwenye kapi ni hatari. Mamake watoto alikuwa amevaa suruali pana ndani na kanzu fupi juu, akajifunga vizuri, helmeti ikakaa juu ya mtandio. Akageuka akaniuliza, "Wewe je, umejifunga vizuri au unatetemeka?"

Alitangulia yeye. Wallahi sikuamini. Mwanamke anayeogopa panya alikwenda juu ya miti kama ndege, na kicheko chake tukakisikia mpaka ng'ambo. Kijana akafuata. Akabaki binti na mimi.

Binti akasimama ukingoni akagoma. Mimi nikafanya kile ambacho baba wengi tungefanya. Nikamwambia, "Nenda bwana, watu wanangoja." Yule mwongozaji akaniambia taratibu, "Hapa hatumsukumi mtu, hata kwa maneno. Akitaka kurudi, iko njia ya kushukia." Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto akamwonyesha kila kulabu, hii inashika nini, ile inashika nini, na hii ikikatika ipo ya pili. Mtoto akauliza maswali kama sita hivi. Alipomaliza akasema, "Sasa niko tayari." Akaenda.

Na kwa vile alikuwa mwepesi, hakufika. Alisimama kabla ya mwisho, akaning'inia juu ya bonde, mita kama kumi na tano kutoka kwenye jukwaa. Ndugu zangu, nilipiga kelele mpaka nikakosa sauti. Mwongozaji wa upande wa pili hakuharakisha wala hakupayuka. Alijifunga, akatoka kwenye waya mkono kwa mkono, akamfikia, akamvuta. Dakika tatu tu. Jioni nikamwuliza binti, "Uliogopa sana?" Akanijibu, "Sikuogopa, nilikuwa naona bahari. Niliogopa wewe ulivyopiga kelele."

Maneno hayo nililala nayo. Mtoto alikuwa salama kwenye mikanda miwili, na kitu pekee kilichomtisha kilikuwa sauti ya babake.

KAFI

Siku ya tatu ilikuwa kayaki. Hapo ndipo penyewe.

Kayaki ni chombo chembamba cha kukalia ndani, umefunikwa hadi kiunoni, na kafi lake lina bapa mbili, moja kila upande. Leo ni cha plastiki au faiba, lakini asili yake ni ya watu wa kaskazini, na hata jina lenyewe latoka katika lugha ya Wainuiti. Walitengeneza kiunzi kwa mbao zilizookotwa ufukweni au mifupa, wakashona juu yake ngozi za sili au simba bahari. Hapakuwa na msumari. Nilipoelezwa hivyo nikakumbuka mtepe wa Lamu, jahazi la wazee wetu lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Watu wawili walio mbali kiasi hicho, na wote wakawa washona vyombo.

Kabla ya kuingia tulipewa somo. Yule mwongozaji, mzee wa makamo, alisema maji ya ghuba ile yako karibu nyuzi 10. Haya yetu ya Mombasa ni 25 hadi 29. Ukianguka kwenye baridi ile, akasema, shika hesabu ya moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakatika yenyewe, usihangaike, tulia mpaka irudi. Una dakika kama 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, hizo ndizo za kujiokoa. Na una kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu, mradi umevaa jaketi la kuelea. Bila jaketi, hiyo saa moja hufiki.

Kisha tukavalishwa sketi. Mnacheka. Ndiyo, sketi, ya kuzuia maji, unaivaa kiunoni halafu unaibana kwenye mdomo wa kayaki. Kijana wangu alinitazama mimi na sketi yangu, akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile miezi mingi.

Tuligawanywa wawili wawili, mama na binti, mimi na kijana. Nikaenda kukaa nyuma kama nahodha. Mwongozaji akauliza, "Nani kati yenu mwenye miguu imara na kichwa kilichotulia?" Kabla sijajibu akamwambia kijana, "Wewe nyuma. Usukani uko kwa wa nyuma, unauongoza kwa miguu. Baba akae mbele, apige kafi kwa mwendo mmoja tu."

Yaani mimi baba mtu, nisiyejua kuogelea, nikakaa mbele nikitazama maji, na maisha yangu yako nyuma yangu mikononi mwa kijana wa miaka 14 ambaye haniambii ila "sawa".

Tulikwenda tukiambaa na ukingo wa magharibi wa ghuba. Asubuhi maji yalikuwa shwari kama mafuta kwenye sahani. Tuliona tai wenye vichwa vyeupe, na fisi-maji wa baharini amelala chali, mikono kifuani, kama mzee baada ya biriani. Tukafika mahali paitwapo Tonsina, kuna mto unaingia baharini na miti mingi iliyokufa imesimama, rangi ya kijivu. Mzee akatueleza kwamba tarehe 27 Machi mwaka 1964 nchi ile ilipigwa na tetemeko la nguvu ya 9.2. Mawimbi yaliingia Seward yakaharibu bandari na watu wakafa. Ardhi ilididimia, maji ya chumvi yakafika kwenye mizizi, miti ikakauka ilivyosimama, na mingine ingali imesimama. Nikamwuliza, "Na watu hawakuhama?" Akasema, "Wengine walihama. Waliobaki walijifunza bahari upya. Watoto wao ndio hawa wanaowaongoza."

Tukaswali adhuhuri juu ya changarawe, tukala mkate na samaki, tukaanza kurudi.

Sasa ghuba ile ina tabia yake. Siku ya jua, mchana upepo wa kusini unaingia kutoka baharini. Ulitukuta nyuma yetu. Upepo wa nyuma wapenda majahazi, lakini kayaki ukiipiga kwa nyuma mkia wake unataka kugeuka, na ikikaa ubavu kwa wimbi inaweza kupinduka. Mawimbi hayakuwa makubwa. Mvuvi wa Kilindini angeyacheka. Lakini wimbi la kwanza liliponyanyua mkia, mimi niliona Mtongwe.

Nikaacha kupiga kafi. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikaanza kuamrisha. Kulia! Kushoto! Rudi! Simama! Kayaki ikaanza kuyumba. Kumbe kayaki isiyo na mwendo ndiyo inayoyumba zaidi, kafi likiwa majini linaituliza, na mimi nimeliondoa.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Haikuwa ya hasira. "Baba. Baba, sikiliza. Usitazame maji, tazama ule mlima. Piga kafi. Kulia... kushoto... kulia... Mimi nakufuata wewe."

Nikapiga kafi. Akawa anahesabu, mimi napiga, naye anaongoza kwa miguu. Kila wimbi likija nyuma ananiambia kabla, "Linakuja, endelea." Sikumwona uso wake hata mara moja, maana alikuwa mgongoni kwangu. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa.

Na katikati ya hiyo nusu saa akaniuliza, "Baba, ni nini hasa unachoogopa?" Nikamwambia. Feri, mjomba, mamangu, nguo za wenzangu ufukweni. Miaka 14 nina mtoto na sijawahi kumwambia. Nilimpa marufuku lakini sikumpa sababu. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Ungeniambia. Nilidhani huniamini tu."

Tulifika. Nilipotoka miguu haikuwa na nguvu, yeye ndiye aliyenishika mkono.

Siku ya mwisho tulikwenda kutazama mto wa barafu uitwao Exit, ule aliotembelea Rais Barack Obama mwaka 2015. Njiani kuna vibao vyenye miaka, kuonyesha barafu ilikuwa imefika wapi wakati huo, vingine vya karne ya 19. Barafu yenyewe imerudi nyuma kabisa. Tulitembea kibao hadi kibao, mimi na kijana tunaongea. Si neno moja moja.

TUNAYOWEZA KUFANYA HAPA

Sasa mwenyekiti, nafika pale uliponiuliza. Sikuja kuwaambia mwende Alaska, nauli hiyo hata mimi sasa sina. Waya upo Kereita kwenye msitu wa Aberdare, kayaki zipo Mida karibu na Watamu katikati ya mikoko, na mto Tana pale Sagana. Tena bahari iko hapa, bure. Lakini Idd yaja, na kila mwaka familia zajaa pwani. Basi shikeni haya.

Kwanza, mfundishe mtoto kuogelea kabla hajafundishwa na wenzake. Wa kike na wa kiume. Pakikosekana mahali pa stara kwa wasichana, akina mama wajipange na wakubaliane saa zao.

Pili, chombo chochote, hata mtumbwi wa kuvuka mara moja, jaketi livaliwe na lifungwe. Lijaribu kwa kuliinua mabegani. Likimfika mtoto masikioni, ni kubwa, halimsaidii.

Tatu, waulizeni wavuvi. Leo ni bamvua au maji mafu? Yanajaa au yanakupwa? Maji yakikupwa siku ya bamvua yanakuvuta hadi mlangoni hata kama unajua kuogelea.

Nne, ukiona mtu anazama, rusha, usiruke. Mrushie kamba, ubao, au jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, kisha piga kelele za msaada. Wengi wamekufa wakiokoa.

Tano, mchague mtu mmoja mkubwa ambaye kazi yake ni kuhesabu watoto tu. Hana simu, hana pilau. Baada ya nusu saa mwingine ampokee.

Sita, kwenye ziplaini tazama kulabu zote mbili mwenyewe, uliza kima cha uzito, funga mtandio na uache vidani. Mtoto akikataa, msimlazimishe, mwacheni aulize maswali yake.

Na la saba ni la wazazi. Ukimkataza mtoto jambo, mpe na sababu, hata kama sababu hiyo inakuuma. Nyinyi vijana nanyi, mzazi akikataa jambo, mwulizeni kwa adabu anaogopa nini. Huenda hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mimi nilijifunza kuogelea mwaka ule ule, nikiwa na miaka 38, kwenye bwawa la mtaa. Mwalimu wangu alikuwa kijana wangu. Fomu nilitia sahihi, na nadhani wino ulikuwa bado haujakauka alipokwisha kuipeleka shule.

Tulirudi nyumbani. Idd iliyopita tuliteremka pwani sote, na mamangu tukamleta kwenye kiti. Ni mara ya kwanza kufika ufukweni tangu mwaka 1994. Hakuingia majini, na hatukumshurutisha. Wajukuu wakamwekea nguo zao kwenye mapaja, akakaa nazo akiwahesabu vichwa kwa kidole mpaka wa mwisho alipotoka.

Ramadhan njema kwenu nyote.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.